Mkutano wa Kutetea Chumba cha Pili

Jumatatu, 3 Machi 2025
Niwie radhi, shajara, kwa kukutupa tangu Krismasi. Nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira mwandiko wangu huharibika.

Nyumba zetu za serikali hapa Temple Hills, ughaibuni, zinahamishiwa mpango mwingine wa ruzuku ya kodi ya nyumba. Kodi haitapanda, wanaapa. Lakini vyumba vitagawiwa kwa idadi ya watu. Mimi niko peke yangu, nina viwili. Katika cha pili aliugulia marehemu mke wangu. Sikiachi! Wizara ya nyumba haitoi idhini kabla ya kusoma maoni ya wapangaji. Mkutano na afisa wa nyumba ni Alhamisi. Nimejiteua mshereheshaji.

Jumanne, 4 Machi
Chepkirui, muuguzi wa ghorofa ya tatu na mwenyekiti wetu, anataka tuanze na malalamiko. Ukumbi ni wa saa moja tu, anasema. Nikamwambia kikao bila itifaki ni kijiwe. Akasoma ratiba yangu, akauliza: "Mwalimu, kwani bibi harusi ni nani?" Hana adabu.

Alhamisi, 6 Machi
Mzee Eliudi alifungua kwa sala. Ndefu. Fahmi akaomba dua kwa niaba ya Waislamu, maana haki ni haki. Utambulisho wa meza kuu. Salamu kutoka kwa wapangaji wenzetu wa Beltsville. Salamu kutoka Germantown. Chepkirui alinionyesha saa, nikamwonyesha ratiba. Malalamiko yalikuwa kipengele cha tisa. Tukiwa cha saba, mlinzi akaanza kukunja viti! Nikawahi neno la shukrani. Nilimshukuru afisa wa nyumba kwa ujio wake, hekima yake na mpango wake. Makofi mengi.

Ijumaa, 7 Machi
Muhtasari wa mkutano umebandikwa penye masanduku ya barua. Unasema wapangaji hawakuwa na pingamizi; msemaji wao aliupongeza mpango. Msemaji!

Chepkirui alinikuta nasoma. Hakunisema. Aliniuliza tu kama nitahitaji maboksi, kwake yapo.

Jioni niliketi kwenye kile chumba. Pazia ni lile alilolichagua marehemu. Nilitaka kumweleza, nikakosa pa kuanzia.

Jumapili, 9 Machi
Chepkirui amewabembeleza watu wa ofisi ya nyumba, tumepewa nusu saa nyingine kabla faili halijaenda wizarani. Ndiyo nafasi ya mwisho. Ananisihi niseme sentensi moja: nataka kubaki. Nimekubali.

Nimetafakari sana. Kosa la Alhamisi nimeliona. Hatukuwa na kwaya! Silvanus, mwalimu wa kwaya, ameahidi kuja na yake yote, nyimbo tatu za kufungulia.

Wizara ikishaamua nitakuandikia, humuhumu chumbani.