Mama Wawili Anapendwa Kuliko Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Mwanyumba wangu, mume wa dada ya mke wangu, ameandika tena. Nimeyaona maoni yake asubuhi, nikaiacha chai ikapoa. Kwenye ukurasa wa Himaya ya Karata, mchezo wa kwenye simu, pale wachezaji wanapotoa maoni yao, kaandika hivi: "Mchezo mzuri. Ni wa bure. Unanisahaulisha goti." Nyota tano. Basi. Watu mia nane wamempa dole gumba. Mia nane! Kwa goti!

Maoni yangu yapo chini, ukiteremka kwa subira. Aya sita. Nimeeleza kwamba mchezo huu wa bure ni kama karamu ambayo kuingia ni bure ila kijiko kinauzwa. Nimezipima karata moja baada ya nyingine. Nimeonyesha kwamba karata ya Mfinyanzi, ambayo kila zamu huokota karata iliyovunjwa na kuirudisha mchezoni ikiwa nzima, ni dhuluma kwa mtu aliyetoa jasho kuivunja. Madole matatu. Moja langu, moja la simu ya mke wangu. La tatu, nadhani mtu aliteleza kidole.

Kule tulikotoka, kabla hatujahama, nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Hakuna kitabu kilichotoka mlangoni bila kupita chini ya kalamu yangu. Mwanyumba anatengeneza makochi. Tulioa ndugu wawili, tukahama pamoja, tukapanga jengo moja. Mimi ghorofa ya tatu, yeye na karakana yake chini ya ngazi. Mke mtu huchagua. Mwanyumba huletewa.

Goti lenyewe halimuumi. Jana nimemwona akipanda na kochi mgongoni.

Jumanne, 4 Machi

Kidoti kaandika. Mjukuu wangu, anasomea uuguzi mbali, bahari mbili katikati. Ndiye aliyenitia kwenye mchezo huu tupate kuonana hata kwa karata. Kisha akamtia na mwanyumba, bila kuniuliza. Anamwita babu mdogo. Mdogo, na kitambi kile.

Habari kubwa. Jumamosi yanaanza mashindano ya wawili wawili. Kila mchezaji achague mwenzake mmoja, na wenzi hufunguliwa sauti, wakawa wanaongea muda wote wa mchezo. Kila jioni, wiki nzima! Jumapili tunapompigia simu tunagombea kipande cha maongezi, na kipande changu huliwa na mke wangu akiuliza kama mtoto anakula vizuri.

Lakini Kidoti hajaamua. Anasema anapima kati yangu na babu mdogo.

Nimeshuka karakanani kupeleleza. Mwanyumba alikuwa amelalia kochi tumbo chini, misumari mdomoni, akigongelea kitambaa. Nikamuuliza kama ana wasiwasi. Akatema misumari kiganjani, akasema atakayechaguliwa kachaguliwa, wote ni babu. Mtu anayesema hivyo ameshajipanga.

Nguvu yake yote ni Mfinyanzi. Mwondolee Mfinyanzi, anabaki fundi makochi mwenye simu. Na wenye mchezo husikiliza maoni; karata ikilalamikiwa sana, huipunguza nguvu. Basi nitailalamikia mpaka Kidoti aone nani anajua kucheza.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imeanza. Nimejiandikisha kwa majina mapya: Kijana wa Leo, Dereva Mchovu, Mkunga. Nimetumia simu ya zamani ya mke wangu, yenye kava la maua. Wote watatu wamemlaani Mfinyanzi kwa hoja nzito. Kijana wa Leo akamwamkia Mkunga shikamoo, Mkunga akaitikia marahaba. Mambo yalikuwa yanapendeza.

Kisha mpita njia mmoja akauliza mbona hawa wote wanakubaliana kama wanakwaya. Kasema kweli. Ugomvi unataka watu wawili. Nikaona nimtengeneze mtetezi wa Mfinyanzi, mtetezi dhaifu, nipate wa kumwangusha hadharani.

Nimemwita Mama Wawili. Nimecheza kidogo kwa jina lake ili wampokee, kisha nimemwandikia maneno yake nikiwa nangoja maji yachemke, bila hata kuyapitia mara ya pili:

"Mimi nampenda Mfinyanzi. Kutwa nzima naona vitu vikivunjika, vikombe, viti, ahadi. Jioni nataka kumwona mtu mmoja tu anayeunganisha. Mkimdhoofisha, mtatubakishia mchezo wa kuvunja, na huo tunao bure kila siku."

Hisia tupu. Hakuna hoja hata ya kusingiziwa. Kesho namsambaratisha kwa aya nne.

Alhamisi, 6 Machi

Madole elfu mbili.

Sikuelewa kwanza. Nilidhani simu imeharibika. Watu wanamshukuru. Mmoja kasema amemsomea mama yake mgonjwa maneno hayo. Mwingine kasema ameyanakili akayabandika jikoni.

Nikatoa aya zangu nne, zenye hoja kali kama wembe. Nikaambiwa nimwache mama wa watu. Nikaambiwa labda sikulelewa. Kijana wa Leo akajaribu kunitetea, wakamwambia na yeye akalale.

Saa ya chakula cha mchana mwanyumba kanisimamisha kwenye ngazi, simu mkononi, kanisomea Mama Wawili kwa sauti. Mimi! Kanisomea mimi! Alipofika kwenye "ahadi" akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha kochi. Akasema, "Mwanyumba, huyu ndiye mwandishi. Si vibaya ukijifunza kwake."

Tumejuana maisha yote. Nilimsomea risala ya harusi yake mwenyewe, niliyoiandika mimi, na katikati akaenda kuangalia jenereta.

Mke wangu naye kasema mama huyo ana moyo, laiti angekuwa jirani. Nimeyasoma tena maneno yale, nitafute kuna nini mle. Hamna kitu. Kuna bahati tu. Kuna watu wamezaliwa na nyota ya kupendwa, na sisi wengine tunafanya kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Pigo. Wenye mchezo wametangaza kwamba, kwa mapenzi ya wachezaji wengi, Mfinyanzi hatapunguzwa. Ameongezwa. Sasa anarudisha karata mbili kwa zamu. Wamemshukuru Mama Wawili kwa jina.

Mwanyumba kanifunga kila tulipokutana mchezoni tangu asubuhi, huku anapiga nyundo. Namsikia kutoka juu. Nyundo, kimya kidogo, nimefungwa, nyundo.

Halafu, adhuhuri, ile simu ya maua ikalia. Kidoti! Anamwandikia Mama Wawili. Kamwamkia kwa adabu, kasema maneno yake yamemgusa, na kama hana mwenzi wa mashindano, je, angekubali kucheza naye? Ameshindwa kuchagua kati ya wazee wake wawili, hataki kumuumiza yeyote.

Nikakaa kwenye ukingo wa bafu. Nikikataa, mwanyumba. Nikikubali, mimi, lakini si mimi.

Nimekubali. Jibu langu limekuwa fupi na la upole, vile anavyoandika yule mwanamke. Mwishoni nikaweka ua.

Jioni Kidoti akaniandikia mimi babu yake kwamba amepata mwenzi mwingine, nisikasirike. Mwanyumba naye kapata ujumbe huohuo. Alicheka, akasema vijana na wenzao, akarudi kwenye sponji zake. Hana uchungu na kitu, mtu yule. Ndiyo maana makochi yake hubonyea.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemsikia.

Nilimwambia mapema kwamba kipaza sauti cha Mama Wawili kimekufa, nitasikia ila nitajibu kwa kuandika. Akasema haina neno. Sauti yake ikajaa chumba. Huimba chini kwa chini akitafuta karata. Akikosea husema "aa-aa," vilevile kama mama yake alipokuwa mdogo, kwenye sakafu ya nyumba tuliyoiacha. Nyuma yake bomba lilikuwa linachuruzika na mtu anapita na ndala. Sikucheza vizuri sana. Mara mbili nilisahau kwamba ni zamu yangu. Hata hivyo tulishinda yote.

Kati ya mchezo na mchezo, Mama Wawili, kwa nia njema kabisa, akamuuliza kama nyumbani kwao wako wazee wanaocheza. Na ni yupi mahiri zaidi.

Kidoti akasema, "Babu yangu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kusoma, Mama. Alinipakata tukatafuta makosa kwenye magazeti, nikipata moja ananipa peremende. Ila kucheza naye siwezi. Akishindwa ananyamaza siku nyingi. Mimi huku peke yangu, kimya chake kinanitisha, nadhani amekufa. Kwa hiyo huwa namwachia ashinde."

Huwa namwachia ashinde! Nimeuandika ushindi wangu wote wa mwaka huu katika shajara hii. Nimeupigia mstari.

Mama Wawili akauliza, na huyo babu mdogo je?

"Huyo akishindwa anacheka mpaka anakohoa. Na mimi nacheka."

Baada ya mchezo nilijifungia bafuni nikajifunza kucheka mbele ya kioo. Kwa kuanzia, kicheko cha wastani. Mke wangu akagonga mlango, akauliza nimepaliwa na nini.

Jumapili, 9 Machi

Niliamka nimeazimia kumwambia ukweli. Niseme, Mama Wawili ni mimi, mjukuu wangu, nisamehe, na sitanyamaza tena. Nilijizoeza tangu alfajiri. Leo nilimsihi mke wangu anipishe mwanzo, akanipisha, akasema labda naumwa.

Nikasema haloo. Kabla sijafungua mdomo mara ya pili, Kidoti kaanza. Mama Wawili hivi, Mama Wawili vile. Mama Wawili ni mvumilivu. Mama Wawili anasikiliza mtu. Mama Wawili hakasiriki karata ikivunjwa.

"Babu," akasema, "nikiongea naye, nahisi niko nyumbani."

Nyumbani! Nyumba ile niliibeba mimi. Kwenye masanduku mawili na kichwani. Ni mimi ninayekumbuka dirisha gani lilikuwa haliingii komeo, rafu ya vitabu ilianzia wapi. Yule mwanamke alizaliwa Jumatano, birika likiwa motoni!

Nikamuuliza Kidoti amemjulia wapi mtu huyo, kamwona sura? Akasema hajamwona, moyo tu unamjua. Nikampa mke wangu simu. Nikasikia akiulizwa kama babu amekasirika, naye akajibu kwamba babu yuko palepale, kasimama tu kama kabati.

Nikaketi nikaandika kwa wenye mchezo, na nikaweka hadharani kwa jina langu. Nyota moja. Mama Wawili ni mtu wa bandia. Hana watoto wawili. Hana hata mmoja. Simu anayotumia si yake, ina kava la maua. Nikawataja na wenzake, Mkunga, Dereva na yule Kijana. Ushahidi kamili. Sijapata kuandika kitu kilicho wazi namna ile. Akitoka yeye, nafasi ni ya babu.

Jumatatu, 10 Machi

Wamemfungia! Wamewafungia wote wanne, na wameomba radhi kwa wachezaji.

Na maoni yangu yamepanda. Juu ya goti! Madole elfu tatu. Wananiita mzee mwenye jicho. Mmoja kauliza nimeyajuaje yote yale, nikamjibu uzoefu. Mwanyumba kapanda ngazi zote kuja kunipa mkono. Kasema amesikitika kuhusu mama yule, lakini kazi nzuri ni kazi nzuri. Nimeupokea mkono. Nilikuwa na furaha mpaka chai ya saa kumi.

Saa kumi Kidoti kaandika. Hajamkasirikia Mama Wawili. Ana huzuni tu. Anasema yeyote aliyekuwa nyuma ya jina lile angemwambia ukweli, angecheza naye vilevile, hata angekuwa nani. Lakini mashindano hayangoji na peke yake haruhusiwi. Kwa hiyo amemchukua babu mdogo. Ananiomba sana, babu, nisinyamaze.

Nayaandika haya dirishani. Mwanyumba anacheza na mlango wa karakana wazi. Sauti ya Kidoti inapanda na ngazi, maneno siyapati. Sasa hivi wamefungwa, najua, kwa sababu anacheka. Sasa anakohoa. Sasa wanacheka wote wawili.

Sijanyamaza. Nimemjibu Kidoti papo hapo, maneno mengi, na ua mwishoni. Na nimekaa nikaupima mwenendo wangu kwa haki, kama nilivyopima kazi za wengine. Kosa nimeliona. Mama Wawili alikuwa mwanamke, na mwanamke mwenye watoto watu humpenda bila kuchunguza. Palihitajika mwanamume. Mtu mzima.

Mke wangu yuko kwa dada yake. Simu ya maua ipo mezani. Nimeandikisha mzee mmoja, mjane, mpole, mwenye subira, anayecheka akishindwa, asiye na wivu hata chembe. Hajaandika neno bado.

Tayari simpendi.