Gego, Sindano na Kichwa Kisicholazwa

Jumatatu, 3 Juni
Shavu la kushoto limevimba. Nimejitazama kwenye kioo: nusu mimi, nusu mtu aliyenizidi kushiba. Daktari wa meno amesema gego limeoza hadi mzizini, ling'olewe wiki hii. Akachukua sindano ya ganzi. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, miguu juu ya kiti. Si woga. Mwili wangu una heshima zake, haukubali kutobolewa na mtu tusiyejuana. Mke wangu anasema hii ni mara ya tatu. Sikumbuki hiyo ya pili.

Binti yetu anaolewa Jumamosi, na baba ndiye anayezungumza. Hotuba yangu iko tayari, kurasa kumi na moja. Shemeji, kaka wa mke wangu, ameshaanza kuulizia. Eti shavu likikataa, mjomba naye ni mzazi. Nimemwambia mjomba ni mjomba.

Jumanne, 4 Juni
Daktari wa meno amenipeleka kwa mwanasaikolojia, mlango wa pili kutoka kwake. Anatibu wanaoogopa sindano kwa hipnosia. Nilitarajia kiinimacho, saa ikining'inia kwenye mnyororo. Hakuna saa. Ni mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alieleza kwamba halazi mtu kwa nguvu. Anamwongoza kwa maneno mpaka mwili ulegee na mawazo yatulie mahali pamoja, masikio yakiwa wazi, na mgonjwa anaweza kuacha akitaka. Hofu ikipungua, sindano inachomwa kama kawaida.

Nilimhurumia. Nasimamia ghala la vyuma. Naongoza, siongozwi.

Shemeji anasema alitibiwa hapohapo hofu ya kupanda ndege, akapona. Bila shaka. Kichwa cha shemeji ni godoro, akiambiwa lala, analala. Mimi nitakaa macho, nijifanye nimelegea, kisha nimuumbue yule mama mbele ya mke wangu.

Jumatano, 5 Juni
Nilitia kokoto ndani ya kiatu. Akili haiwezi kutulia juu ya kokoto. Mwanasaikolojia akaniomba nivue viatu. Kokoto likabiringika hadi miguuni pake. Akaliokota, akaliweka mezani.

Nikahamia mpango wa pili: kuzidisha namba kimoyomoyo. Akaniuliza nawaza nini. Nikamwambia ukweli, sijui kwa nini. Akasema vizuri sana, niendelee, ila polepole, na kwa kila jibu nitoe pumzi. Nilikuwa kwenye saba mara nane. Mara akasema muda wetu umekwisha.

Mke wangu anadai nilikaa vile nusu saa, na kwamba mkono wangu ulipanda wenyewe nilipoambiwa ni mwepesi kama pamba. Niliuinua kwa hiari yangu. Nilitaka kuuliza swali. Akasema mbona hukuuliza. Nilikuwa nimeshapata jibu.

Alhamisi, 6 Juni
Siku ya kung'oa. Shajara ni yangu, sitadanganya: nilipoiona ile trei ya vyuma, niligeuka kuutafuta mlango. Nilimfikiria binti yetu akimsikiliza shemeji. Nikapiga moyo konde, nikaketi. Mke wangu alinishika kidole gumba.

Mwanasaikolojia akakaa upande wa kichwa changu, akasema, "Nenda mahali unapopapenda." Nikaenda ghalani kwangu. Rafu zote zimepangika, kila parafujo kwenye kisanduku chake, hakuna anayeniuliza kitu. Nikatembea kati ya rafu. Palikuwa na baridi, pametulia.

Kisha nikafumbua macho, nikamwambia daktari wa meno aanze basi, watu tuna kazi. Akanionyesha gego kwenye kisahani.

Nilimwambia hilo ni la mtu mwingine. Mke wangu akasema, "Mume wangu, hebu peleka ulimi huko nyuma." Ulimi ukakuta shimo. Sindano nilichomwa, wote wameshuhudia, na sikutikisika.

Mwanasaikolojia alinipa mkono akasema nimefanya kazi nzuri. Nakubaliana naye kabisa. Kazi yote niliifanya mimi. Yeye alikuwa anaongea tu.

Ijumaa, 7 Juni
Uvimbe umeshuka. Nimemweleza shemeji kwamba gego liling'oka kwa nguvu za ubaba, si za hipnosia. Amesema ndivyo hipnosia ilivyo, mtu anasaidiwa kutumia nguvu zake mwenyewe. Nimeudhika. Nimempa kazi ya kunishikia kipaza sauti.

Jioni binti yetu aliingia, akanigeuza shavu kwenye mwanga. Akasema, "Baba, ni wewe tu utakayezungumza. Hata ungevimba pande zote mbili." Nilijifanya natafuta miwani. Ilikuwa usoni.

Jumapili, 9 Juni
Jana nilizungumza. Sauti ya chini, polepole, pumzi kila baada ya sentensi. Mbinu hii nimeibuni mwenyewe. Ukurasa wa pili ulimhusu binti yetu, akalia, akaja kunikumbatia. Ningeweza kuishia hapo. Lakini ukurasa wa tatu ulinihusu mimi.

Kwenye ukurasa wa saba nikainua macho. Shemeji amelala kitini, kipaza sauti kifuani, mkoromo wake unasikika hadi milangoni. Hakuna aliyeshtuka. Meza nzima ya wakwe, vichwa chini. Wenzangu wa ghalani wameegemeana kama mabati. Mhudumu mmoja alikuwa amelala wima, mgongo ukutani.

Mke wangu anasema ni urefu wa hotuba na joto la ukumbi. Nampenda, lakini sayansi hana. Yule mama hulaza mtu mmoja mmoja, na kwanza humwomba ruhusa. Mimi nimelaza ukumbi mzima, bila hata kukusudia.

Kesho asubuhi nakwenda kumwona. Ana mengi ya kujifunza, na mimi nina subira.