Picha ya Viza ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema! Binti yetu, aliyeolewa nje ya nchi, amepiga simu. Siku za kujifungua zimekaribia, anamtaka mama yake. Barua ya mwaliko ameshatuma. Tiketi ya kwenda na kurudi, bima ya safari, karatasi za benki, vyote vimo kwenye bahasha. Imebaki picha ya viza tu. Na picha, jamani, ni kazi ya nani? Yangu! Nina studio. Nusu ya mji huu imekaa kwenye stuli yangu.

Nikamkalisha mke wangu mbele ya pazia jeupe. Masharti yao hayana huruma: usicheke, masikio yaonekane, paji la uso liwe wazi. Akakaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nikapiga. Halafu nikamsafisha kidogo kwenye kompyuta. Kidogo tu! Mikunjo ya macho, alama ya chunusi, shingo. Mteja yeyote namfanyia hivyo, sembuse mke wangu?

Yule mpiga picha wa upande wa pili wa barabara, tunayemwita Msumari kwa wembamba wake, yeye hasafishi kitu. Ukitoka kwake unafanana na mtu anayetafutwa na polisi. Na wateja anao! Sielewi kabisa.

Jumatano, 5 Juni

Aibu! Nimemsindikiza mke wangu ofisi ya viza. Dada wa dirishani akaangalia picha, akamwangalia mke wangu, akarudia picha. Akamwambia kwa heshima zote kwamba mama, tunaomba picha yako wewe, hii ya binti yako haihitajiki. Kusema kweli kwanza nilivimba kichwa. Ndipo akairudisha bahasha yote. Turudi keshokutwa na picha ya kweli, la sivyo nafasi nyingine ni mwezi ujao. Mwezi ujao mtoto atakuwa ameshazaliwa!

Tulipofika nyumbani mke wangu akaniuliza kama kumbe mimi sitaki aende. Nikaenda kupanga fremu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata dawa. Shida si picha. Shida ni mke wangu kutofanana nayo. Basi tumfananishe! Nimempelekea picha mpambaji wa maharusi, nikamwambia huyu ndiye ninayemtaka kesho asubuhi. Akaniambia ningemleta zamani kidogo. Watu wa siku hizi hawana adabu kazini.

Mke wangu nimemdanganya kwamba mashine ya kuchapa imeharibika. Haijaharibika. Nilijaribu kuchapa ile picha ambayo sijaigusa, mkono ukagoma. Amechoka sana pichani. Inaniuma.

Ijumaa, 7 Juni

Foleni ilikuwa nje, juani. Poda ikaanza safari kabla ya mwenye safari. Kope moja ya bandia ikahamia shavuni. Dada wa dirishani akamwita mkubwa wake. Mkubwa akasema sasa anaona watu watatu: wa kwenye pasi ya kusafiria, wa kwenye picha, na huyu aliyesimama hapa. Nikaanza kumweleza utaalamu wangu. Mlinzi akanishika mkono, akanitoa nje taratibu.

Dada akatuonea huruma: tulete picha nyingine kabla hawajafunga. Mke wangu akaenda bombani, akanawa uso, akaingia kwenye teksi bila kunisubiri. Moja kwa moja kwa Msumari. Kwa Msumari! Mtaa mzima umeona. Akawahi kurudi, bahasha ikapokelewa.

Sasa Msumari anatangaza kwamba niliharibu makusudi, eti naogopa kuachwa peke yangu na sufuria. Mwongo mkubwa! Jioni nikamwambia mke wangu ukweli. Sikutaka kumzuia. Nilitaka wale watu wamwone kama ninavyomwona mimi, na mimi namwona vile vile, kama kwenye ile picha niliyoisafisha. Nampenda, basi. Akasema mzee huyu ana wazimu. Kisha akanipakulia chakula, akakaa karibu yangu kuliko kawaida.

Jumatatu, 17 Juni

Viza imetoka! Imebandikwa ile picha aliyopiga Msumari. Nilijiandaa kuicheka, nikashindwa. Mikunjo yote ipo. Kuna ya kukesha binti yetu alipougua, kuna ya kunicheka mimi. Kila mmoja naujua ulikotoka. Kapendeza, sina la kusema.

Nimevuka barabara kumwomba Msumari nakala zilizobaki. Hakunitoza kitu. Nimechukia, lakini nimechukua. Kesho mke wangu anasafiri. Nimeshaanza kummisi na bado yuko jikoni.

Jumapili, 30 Juni

Nimekuwa babu! Msichana! Nimelia mbele ya mteja, nikasingizia taa za studio. Nyumba imepoa mno bila mwenyewe.

Na kuna zaidi: mwisho wa mwaka wanakuja wote. Ila mjukuu wangu kazaliwa huko, kwa hiyo hapa kwetu anahesabiwa mgeni. Anahitaji viza ya utalii kuja kwa babu yake mzazi! Mtalii, eti! Wamenitumia picha yake nimwombee viza mtandaoni. Mke wangu akamnyang'anya binti simu, akaniambia niweke rangi nyeupe nyuma tu, sura nisiiguse. Nikaapa.

Nimeweka nyeupe. Safi kabisa. Lakini mtoto ana makunyanzi, jamani, na amekunja uso anataka kulia. Nani atampa viza mtu mwenye sura ya ugomvi namna hiyo? Nimemlainisha. Kidogo tu. Nimemwongezea nywele, kichwa kisipate baridi. Na tabasamu, lenye meno mawili. Mzuri huyo, mzuri kama bibi yake!

Nimeshatuma. Sasa hakuna wa kuwazuia.