Sheria ya Bisibisi Nyumbani Kwetu

Jumapili, 7 Juni

Bosi ameilisha kompyuta biskuti. Nilikuwa nimempakata huku najizoeza kuchapa. Nikageuka kupiga chafya. Kurudi, biskuti nzima imelowa mate na imesagwa katikati ya herufi. Hajatimiza hata mwaka na tayari ana ukarimu wa kutisha.

Sasa herufi zinanata. Ukibonyeza moja inakaa chini kama mgeni aliyesikia harufu ya chakula. Haiondoki.

Naandika haya ili nisilie. Ijumaa nina jaribio la kazi. Kazi yenyewe ni kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuichapa, hapa hapa nyumbani, mwanangu akitambaa miguuni. Nikifaulu, nimepona. Nikishindwa, mwezi ukigeuka narudi kwenye kaunta ya duka kubwa, zamu ya asubuhi, na Bosi anakwenda kushinda kwa wifi. Wifi ni dada yake baba Bosi, nyumba ya pili kutoka kwetu. Ameshanunua kikombe chenye mdomo ili amzoeshe kuacha titi. Titi langu! Hakuniuliza. Kanionyesha tu, cha bluu, kina picha ya tembo.

Mpango: Bosi akilala mchana, nifungue kibodi, nifute makombo, nifunge. Nimetazama video kwenye simu. Bwana mmoja mwenye mikono misafi kamaliza upesi kabisa. Hana mtoto yule.

Kikwazo ni sheria. Niliitunga mwenyewe baada ya msiba wa pasi: katika nyumba hii hakuna kufungua kitu chenye skrubu. Baba Bosi ni mpaka rangi hodari, kuta zake watu wanasimama kuzitazama, lakini mpe bisibisi uone. Pasi ilibaki imelala mezani kama samaki aliyepasuliwa. Redio nayo ikafuata. Nikamnyang'anya bisibisi, nikaifukia ndani ya kopo la sabuni ya unga.

Nimeipitia tena hiyo sheria kichwani. Ilikuwa inamlenga yeye. Mimi simo.

Jumatatu, 8 Juni

Nimefungua! Skrubu nikazipanga kwenye sahani kama mtu mwenye akili zake. Kibodi ikanyanyuka. Chini yake kulikuwa na makombo ya kumshibisha kuku.

Sasa sikiliza. Kibodi imeshikana na kompyuta kwa utepe mpana, mwembamba kama karatasi. Utepe unaingia kwenye kisoketi, na kisoketi kina kilango cheusi, chembamba kama ukucha uliokatwa. Kumbe hicho kilango kinainuliwa taratibu, utepe unatoka wenyewe. Bwana wa video alisema. Nadhani alisema wakati namtoa Bosi kwenye ndoo. Mimi nikavuta. Ndivyo nilivyozoea: plagi navuta, soksi navuta, mtoto namvuta kutoka chini ya kitanda.

Tak! Kilango kikaruka. Vipande viwili. Kimoja kikaanguka mezani. Cha pili sikukiona.

Kugeuka, Bosi kaamka, yuko sakafuni, anatafuna.

Roho ilinitoka. Nikamtia kidole mdomoni, akaniuma. Kilichotoka ni biskuti. Sikuridhika. Nikambeba mbio mpaka zahanati, kandambili moja yangu, nyingine ya baba yake. Muuguzi akamkagua koo, akamsikiliza kifua, akauliza hicho kitu kina ukubwa gani. Nikamfunulia kitambaa chenye kipande cha kwanza. Akakitazama. Akanitazama mimi. Akasema mtoto anapumua vizuri, niwe naangalia nepi, akikohoa au kutapika nimrudishe haraka. Tena akauliza ni kitu cha nini. Nikasema cha nyumbani.

Baba Bosi alipoingia nilikuwa nimeifunika kompyuta kwa taulo. Nikamwambia inapumzika. Akasema heri yake.

Jumanne, 9 Juni

Nepi ya kwanza: hamna kitu. Ya pili: kipande cha krayoni ya manjano. Aliila lini? Ya tatu siielezi.

Wakati wa kumwogesha nikamnyanyua kidevu nimsugue shingo. Ile shingo ina mikunjo kama kabati la nguo. Na humo, kati ya mkunjo na mkunjo, kilango changu! Nilimbusu shingo yote. Nikalia kidogo, akanipangusa machozi kwa mguu.

Kisha nikatoa gundi, ile ya kukamata papo hapo.

Mpango: niunganishe vipande, nikirudishe kilango mahali pake. Tone moja dogo kwa kijiti cha meno. Tone halikuwa dogo. Kilango kimeungana, sikatai. Kimeungana pia na kibanio changu cha nyusi, na kibanio kimeungana na kidole changu cha shahada. Gundi iliyobaki ikateremka ndani ya soketi bila kuulizwa.

Hapo ndipo wifi alipopiga hodi. Nani mwingine!

Nikampokea mkono mmoja, wa pili mgongoni. Akasema kasikia kutoka kwa kaka yake kwamba kompyuta inapumzika. Eti kwake kuna kibodi ya kuchomeka pembeni, iko kwenye boksi tangu enzi zake za ofisini, hana kazi nayo, anaweza kuileta. Nikamwambia ahsante sana wifi yangu, kompyuta yangu haina tatizo hata chembe. Akauliza mbona nyumba inanuka gundi. Nikasema ni dawa ya mbu. Akasema mbu wa hapa basi wamekwisha, watabaki wamenata ukutani.

Akamnyanyua Bosi, akamrusha juu. Bosi akacheka kile kicheko ambacho mimi nakipata mpaka nipige magoti. Wifi akamwambia mwezi ukigeuka watacheza kutwa nzima, yeye na shangazi yake.

Sitaki kibodi yake. Leo nipokee kibodi, kesho nitoe mtoto. Thubutu!

Jumatano, 10 Juni

Kidole na kibanio wameachana. Hawakuachana vizuri.

Gundi ya kwenye soketi nimeichokonoa kwa sindano. Vijino vya shaba vilivyomo ndani bado vipo. Nadhani vyote.

Nikapita kwa fundi kompyuta. Nikamwambia nina shoga yangu kavunja kilango cha soketi ya kibodi, maskini, hana subira yule. Fundi akasema soketi kama hiyo huondolewa ikawekwa nyingine, shoga ailete, atamrudishia Jumatano ijayo. Nikasema shoga ana haraka. Akakitazama kidole changu. Akasema basi shoga apake dawa hapo pasije pakaiva.

Nimerudi na hasira, na hasira ikazaa akili. Kilango kazi yake ni nini? Kukandamiza utepe. Basi chochote kikandamize! Nikakata kipande cha boksi la dawa ya meno, nikakunja, nikakisukumia pale. Herufi za kushoto zikaamka! Nikaongeza mkunjo. Za kulia zikaamka, za kushoto zikalala. Kama kulaza watoto wengi kwenye shuka moja: ukimfunika huyu, umemfunua yule.

Mwisho nikagundua siri. Ukikandamiza kwa kiganja pale juu, kushoto kidogo, herufi zote zinaitikia. Zote! Ila kiganja kisiondoke. Na mimi nina mikono miwili tu, yote inatakiwa kazini.

Nimejaribu kopo la maziwa. Jepesi. Kamusi. Inateleza. Sufuria yenye maji. Nimeacha, naogopa Mungu. Nikamkalisha Bosi. Uzito unafaa kabisa, tabia ndiyo haifai.

Alhamisi, 11 Juni

Nimekamatwa.

Baba Bosi alitaka sabuni ya kuoshea brashi. Akatia mkono koponi, akautoa, akasema bisibisi yake haimo. Kumbe siku zote alijua ipo humo! Alikuwa anaiheshimu sheria tu, mwenyewe kwa hiari yake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akavuta kiti. Akaniuliza kwa upole wa hakimu sheria ya nyumba hii inasemaje. Nikajibu kila sheria ina dharura zake. Akacheka mpaka Bosi naye akacheka, na Bosi hata hajui ni kesi ya nani.

Kisha akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia nilisema. Akauliza lini. Nikamwambia kila siku, pale ninaposugua masufuria kwa kelele. Nikatoa yote: kaunta, zamu, kikombe cha tembo, kwamba asubuhi Bosi akiamka ananitafuta kwa pua kabla hajafumbua macho, na kwamba itakuwaje anitafute anikose. Baba Bosi akasema yeye alidhani natamani kurudi dukani, kwenye watu, kwamba ndani kumenichosha. Nikasema nimechoka ndiyo. Kuchoka si kutaka kuondoka.

Akasema twende basi kwa dada tukachukue ile kibodi. Nikamwambia maji hayapandi mlima. Akashusha pumzi. Akaomba kuiona kompyuta. Nikamwambia aangalie kwa macho, mikono aiweke mfukoni.

Baadaye nikamruhusu kiganja kimoja. Akakandamiza nilipomwonyesha. Herufi zote hai! Akasema basi kesho haendi kwenye kuta, kesho yeye ndiye kilango.

Huyu mwanamume. Pasi nimemsamehe. Redio bado.

Ijumaa, 12 Juni

Msimamizi akatokea kwenye skrini, mama mwenye miwani na sauti ya kufungia milango. Sharti lake: kamera iwe wazi, anione nikichapa. Baba Bosi yuko chini, ubavuni mwa meza, mkono kaunyosha juu kama mtoto anayejua jibu. Kamera haimwoni. Bosi kalala.

Rekodi ikaanza. Watu wanagombania mahali pa kuegesha magari. Nikachapa! Vidole vinakwenda vyenyewe. Hata kile chenye kidonda.

Bosi akaamka. Akatambaa mpaka sebuleni. Akamkuta baba yake kapiga magoti sakafuni, na kwa elimu yake, baba akiwa sakafuni ni mchezo. Akampanda mgongoni. Akamtia kidole sikioni. Mkono ukatetemeka, herufi zikakatika, ugomvi wa magari ukapotea katikati ya tusi. Nikampiga mume wangu teke la upendo. Akajikaza, akasogea, akakandamiza zaidi, na mkono wote ukaingia kwenye kamera. Mkono mkubwa. Una rangi ya kijani mpaka kwenye kiwiko.

Msimamizi akaniomba niache kuchapa kidogo. Akauliza, kwa adabu, huo mkono wa tatu ni wa nani.

Uongo mwingi ulinijia. Hakuna uliotosha kufunika mkono mzima. Nikamweleza yote: biskuti, kilango, zahanati, shingo, gundi, boksi la dawa ya meno. Akavua miwani. Nikaona kikombe cha tembo kinapita mbele ya macho yangu.

Akauliza kama huo mkono unaweza kuvumilia mpaka mwisho wa rekodi. Sauti kutoka chini ya meza ikajibu, ndiyo mama, hauna neno. Msimamizi akainama, akatoweka kwenye skrini. Tuliona mabega tu yakitikisika.

Nikamaliza. Akasema nachapa haraka na makosa yangu ni machache, ukiacha pale Bosi alipopanda. Kazi ni yangu. Yangu! Kompyuta ya ofisi italetwa Jumatatu.

Lakini. Mikutano mingine ni ya faragha na inataka utulivu, hivyo asubuhi awepo mtu wa kumshika mtoto. Akauliza ninaye? Mdomo ukasema ninaye kabla kichwa hakijakubali.

Jumamosi, 13 Juni

Nimekwenda kupiga hodi kwa wifi, kwa miguu yangu mwenyewe. Njia fupi, lakini nilisimama kufunga viatu ambavyo havina kamba.

Nikampa masharti. Atakuja yeye kwetu, si Bosi kwenda kwake. Asubuhi tu. Mtoto akitaka kunyonya, aletwe, hata katikati ya mkutano. Nikasubiri anitambie.

Hakutamba. Alikaa anakunja kitambaa cha meza, anakunja na kukunjua. Akasema tangu wanawe waende shule ya bweni nyumba imekuwa kimya hadi matangazo ya redioni ameyakariri, juzi kajikuta anayajibu. Nikajiona mdogo kuliko Bosi. Nikamwambia aje kuanzia Jumatatu, na aje na njaa, atakula kwetu.

Masharti yote akakubali, isipokuwa kikombe. Akaomba walau maji. Nikawaza.

Maji tu.

Jumatatu, 15 Juni

Kompyuta ya ofisi imefika! Nyeusi, inang'aa, naogopa kuipumulia. Juu ya skrubu za chini wamebandika karatasi ndogo inayosema asifungue mtu. Aliyeileta akanisomea kwa sauti, mara mbili, huku kanikazia macho. Msimamizi lazima kamwambia.

Asubuhi imekwenda vizuri. Nimechapa mkutano mzima. Chumba cha pili wifi anaimba vibaya na Bosi anacheka. Nilisikia. Kicheko kiliniuma kidogo, kama sindano, kisha kikaacha. Alipotaka kunyonya aliletwa, akanyonya huku kanikamata sikio, akarudishwa. Maji ya kikombe kammwagia wifi. Mwanangu!

Jambo moja tu. Kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi kina sauti. Ukikibonyeza kinalia nyik. Kinafanya kazi, sisemi. Lakini mtu unaanzaje maisha mapya na nyik? Nimemwita wifi asikilize. Akasema haisikii. Baba Bosi wakati anatoka alisema anasikia, na niiache hivyo hivyo, na akaondoka na bisibisi mfukoni.

Sawa. Kisu cha kupakia siagi kinaingia kwenye zile skrubu, nimeshakipima.

Na ile karatasi nimeichunguza. Imeshikwa na gundi hafifu, si kama yangu. Mvuke kidogo tu itainuka yenyewe, na itarudi mtu asijue. Wifi kamtoa Bosi nje kuota jua. Nyumba imetulia, mkutano unaofuata ni wa alasiri.

Birika limeanza kupiga mluzi.