Taa Baridi za Bidiya

Mzee Musabbah, mchunga ngamia, alipoegesha Landkruza lake chakavu katika kivuli cha karakana, Zahran bin Sbeit hakuliona gari; aliziona taa. Zilikuwa za LED, halisi, na zilikuwa zinawaka saa nane ya mchana kana kwamba mwenyewe amesahau kuzizima. Zahran aliweka kiganja juu ya kioo kwa upole wa mtu ampapasaye farasi wa mwenzake. Kioo kilikuwa baridi.

Haki itendeke hata kwa mlaghai: Zahran alikuwa fundi. Katika Bidiya yote, mji huu wa jangwani Omani, hapakuwa na mwingine awezaye kusugua kioo cha taa kilichofifia kwa dawa ya meno mpaka king'ae, akabandika ndani karatasi ya fedha, kisha akamwambia mwenye gari, kwa sauti ya kadhi asomaye hukumu, kwamba sasa anamiliki LED. Ilikuwa kazi ya nusu saa kwa riali themanini. Vijana wa Maskati, wajao kila mwisho wa juma kushindana kupanda vilima vya mchanga kwa magari yao, walilipa bila kubisha, kwa maana kila mmoja alitaka kummulika mwenzake.

Tatizo lilikuwa Yaarub. Kijana huyo alikuwa amefungiwa taa za dawa ya meno juma lililopita, na jana alipiga simu kusema kwamba leo alasiri atarudi na wenzake, magari kumi na moja kwa jumla, wote wakitaka taa kama zake. Ila kwanza taa zake zingewashwa robo saa, kisha mkono ungewekwa juu ya kioo. Kioo cha LED hakiunguzi. Cha balbu ya zamani huunguza. Kikiunguza, Zahran ajitafutie mji mwingine. Leo ilikuwa Ijumaa, maduka ya Maskati yamefungwa, na alasiri inakaribia. Alihitaji pea moja tu ya taa za kweli, aichomeke katika gari la Yaarub kabla ya kipimo. Na hii hapa imekuja kwa miguu yake.

"Ami yangu!" alilia. "Nani kakuwekea balaa hili?"

"Balaa gani?"

"Taa nyeupe! Ngamia wako hawatoki machozi?"

Mzee alifikiri. "Wanatoka. Lakini ngamia wangu wanalia hata wakiniona mimi."

"Ndiyo hivyo! Kwanza wanalia, halafu wanapofuka. Mwanga huu unakausha jicho, Ami. Nitakutolea nikuwekee za njano, zenye huruma. Bure, kwa ajili ya Mungu. Na petroli nakujazia."

"Kumbe mpwa wangu alinizawadia ugonjwa."

"Vijana wa siku hizi wanatupenda vibaya."

"Haya," alisema mzee. "Lakini nina kiu."

Zahran alitandika mkeka mlangoni, peupe, akamwita Hamdun mziba pancha pamoja na wachomeleaji wa jirani, ili baadaye pasiwe na wa kusema kwamba mzee alidhulumiwa. Akammiminia mgeni kahawa. Mzee Musabbah alikipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakitazama, akakiweka chini juu ya mkeka kikiwa kimejaa.

Nyundo zilinyamaza mtaa mzima. Hamdun aliacha tende katikati ya meno. Kwa watu wa mchanga huu, mgeni akiweka kahawa chini ana haja, na hatainywa mpaka mwenyeji amkubalie. Mwenyeji amwachaye mgeni wake aondoke bila kunywa, heri anyoe ndevu na kufunga duka, kwa sababu jina lake litatemwa katika kila hema mpaka Nizwa.

Zahran aliyajua hayo yote, na alifurahi. Mchunga ngamia atataka nini, gunia la majani? Tairi la akiba? Bora amkubalie upesi, mbele ya mashahidi, kisha zije taa.

"Kunywa, Ami!" alinguruma, mkono kifuani. "Haja yako imetimia, iwe ndogo, iwe kubwa!"

"Hujaisikia bado."

"Mimi si mtu wa kusikia kwanza! Hamdun, nimesemaje?"

"Umesema ndogo au kubwa," alijibu Hamdun, ambaye gari lake pia liliwahi kusuguliwa dawa ya meno. "Na mimi shahidi."

"Mungu akupe umri," alisema mzee. "Nina wapwa mjini. Wafungie taa kama zangu, za kweli kama zangu, bila malipo."

"Wapwa... wangapi?"

"Dada zangu walikuwa wazazi hodari. Magari kumi na moja."

Na hapo magari yakakata kona, moja nyuma ya jingine. Yaarub aliteremka, akampita Zahran kama unavyopitwa mtungi wa gesi, akambusu mzee kwenye paji la uso.

"Mjomba, amekubali?"

"Amekubali kabla sijasema. Mtu mkarimu sana huyu."

Zahran aliutazama mlango wa nyuma. Hamdun alikwisha kuuegemea.

"Ami, nimekwisha! Pea kumi na moja? Itabidi niuze gari langu!"

"Gari lako zuri," alisema Yaarub. "Mimi nalitaka."

"Basi kataa, mwanangu," mzee alimwambia Zahran kwa upole. "Sijanywa bado."

Zahran akakitazama kikombe. Akawatazama wachomeleaji, mtaa, bango lenye jina lake na jina la baba yake. Alipofungua kinywa, ilitoka sauti ndogo ambayo hapana mteja aliyepata kuisikia.

"Kunywa, Ami."

Mzee Musabbah aliinua kikombe, akaonja, akakunja uso, akamrudishia.

"Imepoa. Mimina ya moto."