Gia za Shangazi wa Kuazima

Tik-tik-tik-tik-tik.

Sauti ilitokea nyuma ya lori la pamba lililoziba njia ya sokoni, nyembamba na ya haraka, kama panzi aliyemeza saa ya mkono. Wauza nyanya hawakuisikia. Mama Nyamizi, aliyekuwa akigeuza chapati kibandani kwake, hakuisikia. Danford Mayige aliisikia, na spana ikamdondoka.

Baiskeli za Bariadi zina sauti zake. Kuna inayolia nyee-nyee kwa kukosa grisi. Kuna inayogonga ko-ko-ko kwa sababu gololi za pedeli zimebaki tatu. Na kuna inayokwenda kimya kabisa, ambayo ndiyo ya kuogopwa, maana haina hata breki ya kulia. Lakini friwili ya gurudumu la nyuma yenye mlio mkali namna ile haikuzaliwa huku. Ile ilikuja kwa ndege.

Lori likasogea. Nyuma yake ikajitokeza baiskeli ya fremu nyepesi ya alumini, tairi pana zenye meno, na juu yake mama mmoja wa makamo, mnene wa heshima, kitenge kimekazwa kiunoni. Kuku wawili walining'inia kwenye usukani vichwa chini, wakiushangaa mji.

Danford alikuwa fundi baiskeli, kwa maelezo yake mwenyewe. Kwa maelezo ya wateja wake alikuwa kitu kingine, lakini wateja wake wengi walitoka mbali na hawakurudi mara mbili. Juu ya bati la kibanda chake alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu:

*Chuma kikosapo gia,*
*ni ng'ombe hana mkia,*
*nzi wakimvamia,*
*hana cha kujipungia.*

Watu walicheka, wakasimama, na aliyesimama alikuwa amekwisha.

Sasa, chini ya kitanda cha Danford palikuwa na boksi, na ndani ya boksi seti: foki yenye shokapu, breki mbili za diski za mafuta, na gia kumi za nyuma pamoja na kifaa chake cha kuhamisha mnyororo. Aliikusanya kwa miaka mitatu, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe aliyeambiwa kwamba kimeoza. Mwezi uliofuata palikuwa na mbio za baiskeli, Bariadi hadi Lamadi na kurudi, na mshindi angeondoka na pikipiki. Danford miguu alikuwa nayo. Seti alikuwa nayo. Alichokosa duniani ni fremu moja tu ya kuibeba ile seti, na sasa fremu hiyo ilikuwa inakuja yenyewe, imeleta na kuku.

"Mwangaluka, mayu!" akaita, akimwamkia kwa Kisukuma kama mama yake.

"Mwangaluka. Wewe ni wa nani?"

Mtu wa pwani angejibu kwa kutaja jina lake. Kwetu swali hilo halitaki jina lako, linataka ukoo. Anayejibu vizuri huletewa ugali, na anayejibu vibaya huletewa maji ya kunywa na kuonyeshwa njia. Danford alikuwa wa Mayige wa Zagayu, mkulima wa pamba, mtu mwaminifu ambaye hakumwomba Mungu mtoto wa aina hii. Lakini macho ya Danford yalikuwa yameshasoma herufi nyeupe zilizopakwa ubavuni mwa fremu: MASELE – LAGANGABILILI.

"Wa Masele," akasema bila kupepesa. "Masele wa Lagangabilili."

Mama akashuka chini taratibu. "Masele yupi?"

"Huyu huyu mwenye baiskeli, mayu. Ndiye aliyenizaa. Mambo ya ujana tu, unajua. Sikulelewa kwake."

Mama akamtazama kuanzia kandambili hadi kofia. Akamtazama tena kuanzia kofia hadi kandambili.

"Mimi naitwa Minza," akasema mwishowe. "Masele ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Shangazi!" Danford akapiga goti.

"Shangazi," Minza akakubali polepole, kama anayeonja mchuzi asioujua. "Hebu rudia kwa sauti, mwanangu, na huyu mama wa chapati asikie. Wewe ni wa nani?"

"Wa Masele wa Lagangabilili!"

Wauza nyanya wakageuka. Mama Nyamizi akasimama na chapati hewani.

"Haya," akasema Minza, akakaa kwenye benchi. "Mimi nimekuja kukaziwa breki tu."

Danford akaigonga fremu kwa spana, akaitegea sikio, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Shangazi, hii fremu ina kansa."

"Chuma kinaugua kansa?"

"Alumini ndiyo kabisa. Inaliwa ndani kwa ndani, nje inacheka. Niachie hii niitupe, nikupe fremu ya chuma, nzito, ya mtu mzima."

"Kaka yangu atasikitika. Aliachiwa na mgeni mmoja aliyekuja kuhesabu ndege. Ndiyo anayofuatia kondoo wake."

"Kondoo?"

"Kondoo wake. Hajui kazi nyingine."

Danford aliendelea kukagua mnyororo, lakini sikio moja lilikuwa limeshavuka. "Wako wangapi?"

"Mwaka huu walihesabiwa. Elfu mbili na mia tatu."

Spana ikasimama hewani. Mtu mwenye ng'ombe mia mbili, watu huvua kofia kumsalimia. Mwenye kondoo elfu mbili na mia tatu huvuliwa nini?

"Na zizi... linawatosha?"

"La zamani lilikuwa dogo, wengine walikuwa wanasimama nje. Sasa limejengwa jipya, la matofali. Bati limepanda, bado dari."

"Zizi lina dari?"

"Na madirisha ya vioo vya rangi. Kaka anawapenda sana kondoo wake. Akipotea mmoja hulala hajala."

Danford akameza mate. "Na ndugu zangu, shangazi? Watoto wengine wa baba?"

"Hana. Mpaka leo asubuhi nilikuwa nikijua hana hata mmoja."

"Basi siku akiondoka... Mungu apishie mbali... nani atawachukua?"

"Hilo," akasema Minza, akiwatazama kuku wake, "wenye mamlaka ndio watakaoamua."

Hapo Danford akabadili gia angani. Wanasiasa hufanya hivyo kwa miezi, yeye alitumia muda wa kufunga na kufungua jicho. Fremu ya nini? Pikipiki ya nini? Mtu anayekwenda kurithi kondoo elfu mbili hashindani na vijana kwenye vumbi la Lamadi. Anachohitaji ni baba yake amkumbuke, na amkumbuke vizuri.

"Shangazi, samahani," akasema, akiifuta fremu kwa kiganja. "Siyo kansa. Ni vumbi."

Akaenda chumbani, akarudi na boksi.

"We Danford!" Mama Nyamizi akapiga kelele. "Hiyo seti si ulisema utazikwa nayo?"

"Mama Nyamizi, baba ni baba."

Na akaanza kufunga. Tuseme haki: siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Danford alifanya kazi ya kweli, na ilikuwa nzuri kuitazama. Aliing'oa foki ya zamani, akazipaka grisi gololi moja moja kama anayezibatiza, akasimika foki mpya. Alifunga diski, akaijaza mafuta breki na kuibonyeza mpaka kipovu cha mwisho kikatoka. Alipanga gia, akakata waya, akauvuta, akaulegeza robo mzunguko, akauvuta tena, akanyonga pedeli kwa mkono huku akisikiliza mnyororo ukipanda ngazi bila kujikwaa. Hakukuwa na fundi mwingine Bariadi nzima aliyeweza kazi hiyo, na jambo la kusikitisha ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelisahau.

"Hii ni baiskeli ya milima, shangazi," akaeleza, jasho likimtoka.

"Milima iko wapi huku kwetu?"

"Upepo. Ukitoka Lagangabilili saa nane mchana, ule upepo wa mbele ni mlima uliolala."

"Fundi maneno," akasema Minza, akimega chapati ya tatu, ambayo Danford alikuwa ameshaapa kwamba shangazi yake hawezi kuilipia. "Na kazi yote hii ni bei gani?"

"Bei? Kwa baba yangu?" Danford akaweka mkono kifuani. "Ni zawadi. Mwambie mwanao Danford ameifunga kwa mikono yake."

"Nitamwambia. Na kila nitakayemkuta njiani nitamwambia. Wabeja, asante sana, mwanangu."

Akapanda, akajaribu breki, nusura kuku waruke hadi sokoni. Akaondoka akicheka peke yake.

Siku tatu Danford aliishi kama mrithi. Alikopa shati jeupe. Aliacha kujibu salamu za watu wenye ng'ombe chini ya hamsini.

Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, baiskeli ilirudi. Aliyeipanda alikuwa mzee mwembamba mwenye mvi, mguu wa suruali umebanwa kwa kibanio cha nguo, na shingoni ukosi mweupe.

Mama Nyamizi akafuta mikono haraka. "Tumsifu Yesu Kristo, Baba!"

"Milele, amina."

Danford alimjua. Nani asiyemjua Padri Marcelo? Alimtazama padri, akaitazama baiskeli, akamtazama padri.

"Padri... hiyo baiskeli..."

"Nimeambiwa umeifunga wewe. Breki zake zinasimamisha mpaka mawazo. Nimekuja kushukuru." Akanyoosha mkono. "Hatujawahi kutambulishana vizuri. Marcelo Masele."

Padri huitwa kwa jina la ubatizo, na la ukoo likabaki kwenye makaratasi na kwenye fremu za baiskeli. Danford akakaa juu ya tairi. Kondoo elfu mbili na mia tatu wakapita kichwani mwake mmoja mmoja, kila mmoja ameshika kitabu cha nyimbo.

"Dada yangu hakusema uongo hata mmoja," padri akasema kwa upole. "Nilimhoji vizuri, maana namjua tangu utotoni. Kwa upande wako, naona hesabu ni tofauti."

"Padri, ilikuwa utani tu."

"Utani wenyewe ulifika Lagangabilili kabla ya baiskeli. Halmashauri ya walei wamekaa vikao viwili. Kwaya wakiniona wanaangalia chini. Juzi akina mama wa jumuiya wameniletea nguo za mtoto, pea nne. Nimeshindwa kuwaambia kwamba mtoto mwenyewe ana ndevu."

Mama Nyamizi akaficha uso ndani ya kanga, mabega yakitikisika.

"Hayo yangu nayaweza," padri akaendelea. "Lakini Zagayu kuna mwanamke anaitwa Martha, mke wa Mayige kwa ndoa ya kanisani. Unamjua?"

"Ni mama yangu," Danford akanong'ona.

"Naye amesikia kwamba mwanawe ni wangu. Fikiria polepole maana yake kwa upande wake. Amenipigia simu alfajiri akilia. Baba yako Mayige hajala tangu juzi, amekaa na picha yako na kioo, analinganisha masikio. Mama yako amepanda bodaboda kuja huku. Kwenye simu alitaja mwiko, na hakuwa akizungumzia kupika."

Danford akatazama barabara ya Zagayu. Bado ilikuwa tupu.

"Nataka Jumapili uje kanisani, misa ya pili, useme ukweli mbele ya watu," padri akasema. "Baba yako na mama yako watakuwa wamekaa mbele."

"Nitasema, Padri. Lakini..." Macho yake yakateremka kwenye gia, yakapanda kwenye foki. Miaka mitatu ya maisha yake ilikuwa imesimama pale juani, inameremeta. "Lakini seti yangu."

"Ni yako. Ichukue. Mimi nilihitaji kukaziwa breki tu."

Danford hakuamini bahati yake. Akadaka spana, akainama kwenye gurudumu la mbele, akalegeza nati ya kwanza.

"Jamani!" Mama Nyamizi akapaza sauti. "Njooni muone! Mtoto anamvua baba yake baiskeli!"

Wauza nyanya wakaacha nyanya. Wapagazi wa pamba wakashuka kwenye lori.

"Ameshaanza kudai urithi, na mzee bado yuko hai!"

"Mimi nilisema toka mwanzo, hata pua ni ile ile."

"Mtoto mwenyewe hana kosa, yatima wa baba hai. Padri, mpe mtoto haki yake!"

Padri Marcelo akafumba macho na kuanza kusali kwa midomo tu. Danford akasimamisha spana. Akili yake, ambayo miaka yote ilimtumikia kuwalaghai wengine, sasa ilimwonyesha jambo waziwazi kabisa: kila nati aliyoilegeza ilikuwa inakaza ukoo. Akiondoka na foki, mji utasema baba na mwana wamegombana. Akiondoka na seti nzima, mji utasema wamepatana na kugawana. Hapakuwa na namna ya kuichukua mali yake bila kubaki mtoto wa padri mpaka kaburini, na Mayige akabaki na kioo chake.

Akaigusa diski kwa kidole kimoja, kama anayeaga. Kisha akaikaza nati, akaikaza tena robo, akaifuta kwa shati jeupe la kuazima.

Mbali, kwenye barabara ya Zagayu, vumbi likaanza kuinuka. Mbele ya vumbi palikuwa na bodaboda, na nyuma ya dereva mtu mwenye kitambaa chekundu kichwani, mkono mmoja juu.

Danford akapiga goti mbele ya baiskeli, mbele ya padri, mbele ya soko zima, akavua kofia.

"Baba," akasema kwa sauti kubwa, ili hata wa bodaboda asikie, "naahidi mbele ya hawa wote: Jumapili, misa ya pili, nitasimama kanisani niseme kwamba wewe si baba yangu!"