Moyo Katikati ya Kadi

Jumanne, 5 Agosti 2025

Imefika! Mashine yangu imefika! Shangazi yangu, Sista Kunigunda, amerudi nayo kutoka Ujerumani. Kasema konventini wanayo nyingine, hii nichukue mimi Vitalis, labda nitafanya jambo la maana kabla sijazeeka. Ni ndogo, nzito, ina mkono wa kuzungusha na rola mbili zinazobana. Unaweka karatasi juu ya kisu chenye umbo, unafunika kwa sahani za plastiki juu na chini, unazungusha. Krrrr! Karatasi inatoka na moyo uliokatwa safi. Kuna kisu cha njiwa pia, na cha kengele. Leo nimekata njiwa kumi na saba kutoka kwenye kalenda ya ukutani. Restituta mke wangu kauliza kalenda iko wapi. Nimemwambia imeruka.

Jioni baba mkwe, Mzee Bernadi, akapita kutusalimu. Akaizunguka mashine mara mbili, akaushika mkono wake, akauliza kahawa inaingilia wapi. Nikamweleza si ya kumenya kahawa, ni ya kutengenezea kadi. Akauliza kadi zinaliwa. Mzee hajasahau wale kware niliowafuga wakafa. Wala sungura. Wala uyoga wa uvunguni.

Alhamisi, 7 Agosti

Kikao cha ukoo. Emiliana, mdogo wake Restituta, anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, Jumamosi ya tarehe 30, ukumbi wa karibu na stendi. Shemeji Mansuetus, kaka yao, ndiye katibu wa kamati, na kwa kuwa ana simu kubwa anataka kadi za simu. Unabonyeza, unatuma, kwisha.

Nikasimama! Nikasema kadi ya simu huwezi kuiweka kabatini. Huwezi kumwonyesha jirani bila kumwonyesha na mambo yako mengine. Na wajomba wa Liuli, kule ziwani, wana simu za tochi, watatumiwa nini, mwanga? Wazee wakacheka. Nikaona nimeshinda, nikaongeza kwamba kadi za simu zipigwe marufuku kabisa, isitumwe hata moja. Ikapita! Mansuetus kanuna mpaka chai yake ikaota utando. Wakampoza kwa kumpa kazi ya mlangoni: asiye na kadi haingii.

Kisha Mzee Bernadi akaniangalia. Akasema nikiiharibu kazi hii, kuanzia siku hiyo katika shughuli zote za ukoo nitakaa na watoto, nitakula na watoto, na hata kubeba viti sitabeba. Ndipo Restituta akasimama. Akasema yeye anaweka neno lake, mume wake ataweza. Mbele ya ukoo mzima! Machozi yalinilenga. Njiani kurudi akaniambia neno hilo alikuwa nalo moja tu, na sasa ameshalitumia.

Jumamosi, 9 Agosti

Dukani kwa Mwanahawa, muuza madaftari, ambaye pia anachapa. Yeye atachapa, mimi nitakata. Kadi ni za kukunja. Mbele peupe, kwa ajili ya dirisha langu la moyo. Ndani katikati ndipo pana siku, saa, ukumbi na karibu sana. Maandishi yake yana mikia na vikonyo kama mboga ya maboga.

Mwanahawa ana domo. Kanishauri dirisha nilikate upande wa mbele tu, kadi ikiwa imefunguliwa. Kanishauri nikate moja kwanza, niisome, ndipo niendelee. Kanishauri ninunue miwani. Mtu hana hata kisu cha njiwa, anamfundisha fundi! Nimemwambia macho haya yanaliona basi la Songea likiwa bado liko Kigonsera. Kasema basi si maandishi.

Jumatano, 13 Agosti

Kadi mia mbili! Nimeanza kukata moja moja, imefunguliwa, kama alivyotaka yule mama. Kadi ya tatu bega likalalamika. Hapo akili ikafunguka. Nikaikunja kadi kwanza, nikaiingiza ikiwa imekunjwa, nikazungusha. Krrrr! Moyo ukapita mbele na ndani kwa mpigo. Mzunguko mmoja, kazi mbili! Mwanahawa angelijua hilo wapi?

Shimo la ndani nimeliziba kwa karatasi ya dhahabu. Ukiitazama kadi kwa mbele, moyo unawaka. Ukiifungua, dhahabu inakumulika usoni. Hata zile tatu za mwanzo nimezirudia ili zifanane na nyingine. Mabaki yamejaa mfuko: mioyo myeupe, na mioyo yenye vikonyo vya maandishi. Mizuri sana, siwezi kuitupa.

Restituta kauliza kama nimesoma hata moja. Nimemjibu kadi si gazeti. Akaishika, akaigeuza kwenye mwanga, akatabasamu. Usiku kaniwekea finyango mbili za nyama. Mke wangu! Nitamfanya ajivunie mpaka achoke.

Jumapili, 17 Agosti

Nimegawa kadi baada ya misa. Sijawahi kusifiwa hivi tangu kipaimara. Mwalimu mkuu kaifungua, kaifunga, kaifungua tena, kasema kazi nzuri. Kisha kauliza kama suti aipeleke kwa dobi sasa au baadaye kidogo. Nimemwambia suti safi haiozi. Katekista kaniuliza kama anaweza kwenda Songea wiki mbili hizi kwa mambo yake. Nimemwambia aende tu kwa amani. Wala sijui kwa nini ananiomba mimi ruhusa.

Jumatatu, 18 Agosti

Liuli na Lipingo kupeleka kadi za wajomba. Dereva wangu alikuwa Ausi, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda pale stendi. Ausi aliiona mioyo ya mabaki akaipenda, akasema itapendeza kwenye helmeti za vijana wake. Nimempa mfuko wote. Mkono utoao haupati kukosa.

Liuli tumepokewa na Mzee Wilfred, mjomba mkubwa wa Restituta, na mkewe Mama Lidia. Mzee kaitazama kadi muda mrefu. Kaigeuza. Kaangalia nyuma. Kampa mkewe, naye kaigeuza. Kisha Mzee akauliza kwa upole kama shughuli imekaribia. Nikasema imekaribia sana. Mama Lidia akauliza kama siku hiyo huko juu Mbinga kutakuwa na baridi. Nikamwambia Agosti, mama, baridi ipo siku zote. Wakatazamana. Wakasema asante, mwanetu. Tukala samaki wao, mbasa wa kuchoma, nikaongezwa. Watu wa ziwani bwana, maneno yao yote wanayazungusha.

Jumanne, 26 Agosti

Mioyo kila kona ya mji! Kwenye helmeti, kwenye matenki ya pikipiki, hadi kwenye toroli la muuza ndizi. Natembea kifua mbele.

Mansuetus kaja kuomba atume ujumbe wa kukumbusha siku na saa, mmoja tu, mfupi. Nikamuuliza kikao kilisemaje. Marufuku ni marufuku. Wivu utamuua.

Simu nazo hazikomi. Kila anayepiga anauliza habari ya afya, ya watoto, ya kahawa, kisha anauliza kama bado tupo tupo. Nawajibu tupo! Wanakata. Nadhani ni ile dhahabu, inawapa watu furaha mpaka wanakosa la kusema.

Jumamosi, 30 Agosti

Ukumbi ulipambwa, pilau ikaiva, viti mia mbili vikavalishwa vitambaa. Wageni hakuna. Upande wa bwana harusi wamefika kutoka Songea, basi zima. Upande wetu tulikuwa sisi wa nyumbani na mtu wa muziki. Nikasema watu wa hapa huchelewa. Mzee Bernadi akaanza kutembea kutoka dirisha hadi dirisha.

Ndipo tukasikia ngurumo. Pikipiki! Ausi mbele, vijana nyuma, mashati yamepigwa pasi, wengine na wake zao. Mansuetus akasimama mlangoni, akawaambia asiye na kadi haingii. Ausi akainamisha kichwa, akamwonyesha helmeti. Mansuetus akasoma kwa sauti: Jumamosi tarehe 30 Agosti, saa kumi jioni, ukumbi wa stendi, karibu sana. Akasoma helmeti ya pili. Vilevile. Ya tatu. Akageuka akanitazama. Ausi akasema wameona wamealikwa kijiwe kizima, wakaona ni heshima kubwa, wakaahirisha kazi. Nikamwambia Mansuetus awafungulie.

Jamani, shangwe! Emiliana alipoingia waligonga helmeti zote pamoja, ukumbi ukalia kama bati kwenye mvua. Bibi harusi akacheka mpaka akashika ukuta. Nimemsikia shangazi wa bwana harusi akimnong'oneza mwenzake kwamba binti mwenye jeshi kama hili usimguse hata kwa neno. Nikaanza kupumua. Nikachukua na soda.

Kisha Mzee Bernadi akasimama kuwatambulisha wajomba wa Liuli. Akanyoosha mkono kwenye meza yao. Meza ilikuwa na kitambaa na maua, basi. Akashusha mkono. Akaomba aletewe kadi. Akavaa miwani, akaifungua. Akaniita mbele. Akavua miwani yake akanivalisha mimi, kwa mikono yake mwenyewe, akaniambia nisome siku.

Sikuwahi kuona vizuri namna ile. Niliona dhahabu. Pembeni ya dhahabu niliona nusu ya neno "Jumamosi", mkia wake tu. Katikati niliiona pua yangu.

Nikamtafuta Restituta kwa macho. Alikuwa amejifunika kitenge usoni, mabega yanacheza. Nikadhani anacheka. Nikamsogelea. Alikuwa analia. Akasema kitu kimoja tu: neno langu, Vitalis.

Kware walipokufa sikuumia hivi. Nilitoka nje nikasimama kati ya pikipiki. Ausi akanifuata na mfupa mkononi. Nikamweleza yote. Akautupa mfupa, akajifuta, akasema wao wamekula chakula cha wazee, basi wazee watafuatwa na wao.

Jumapili, 31 Agosti

Tumeteremka alfajiri, pikipiki ishirini, vumbi mpaka kwenye meno. Njia nzima nilikuwa natunga namna ya kumwomba radhi Mzee Wilfred.

Tumemkuta barazani, amevaa suti, tai, na viatu vilivyopakwa rangi. Mama Lidia kando yake, kitenge cha sare, kikapu cha mbasa wakavu miguuni. Nikapiga goti, shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza mbona tumekawia. Amevaa suti hiyo tangu Alhamisi! Kasema kadi isiyo na siku maana yake mwenye shughuli atakuja kukuchukua mwenyewe. Na yeye mtu mzima hawezi kupiga simu kuuliza lini watakula. Mama Lidia kasema hivyo ndivyo walivyoamua Lipingo nao, tukawafuate, na suti zao zimeanza kukunjamana.

Tumepanda milima na wazee mgongoni, kila mmoja na helmeti yenye moyo, honi zinalia hadi uani kwa Mzee Bernadi. Yeye alikuwa anaanika kahawa. Akasimama na reki mkononi. Mzee Wilfred akashuka, akakung'uta suti, akamwambia shemeji yake kwamba maishani ameletewa kadi nyingi, ila hii ndiyo ya kwanza kuja kumchukua kwa honi. Wakakumbatiana. Emiliana akatolewa ndani akatuzwa upya, akalia, akacheka, akalia. Mbasa wakaungwa, ugali ukasongwa, kuku wa jirani wakapungua.

Mzee Bernadi kaniangalia. Kisha kanyoosha kidole kwenye mkeka wa watoto. Nimeenda. Neno ni neno. Nyama za watoto ni ndogo, na mmoja kaninyang'anya kijiko.

Mara Restituta akaja na sahani yake. Akaketi pale pale mkekani, magoti yake yakagusa yangu. Mama yake akamwita meza ya wakubwa, akasema amekaa pazuri. Kanichambulia miiba ya mbasa, kaniwekea mnofu. Nilimpenda mpaka nikasahau kijiko.

Jumatano, 3 Septemba

Jumatatu Mzee Bernadi aliichukua mashine, akaipeleka shambani kumenyea kahawa. Leo kairudisha. Ina maganda mekundu mpaka kwenye rola. Kasema haifai kwa lolote, nikae nayo mwenyewe.

Restituta kaniapisha mambo mawili. Kwanza, ninunue miwani. Pili, kama nitatengeneza kadi tena, siku ionekane. Nimeapa yote mawili, mkono kifuani.

Na sikia hili! Mzee Wilfred kapiga simu. Desemba yeye na Mama Lidia wanasherehekea miaka arobaini ya ndoa. Anataka kadi zile zile za moyo wa dhahabu, hakuna nyingine Ruvuma nzima. Ombi lake ni moja, safari hii siku iwepo, kwa maana suti imechoka.

Siku itakuwepo! Nimekwisha kwenda kwa Mwanahawa kuagiza. Nimemwambia aondoe mikia na vikonyo, aandike siku kwa herufi kubwa, nene, nyeusi, na aiweke katikati kabisa, pale pale penye moyo, mtu asiikose. Mwanahawa kaweka kalamu chini, kaniuliza kama nina hakika. Yule mama hajui kukaa bila kumkosoa fundi.

Nitazikunja kwanza, kwa sababu ya bega. Miwani tutaona baada ya mauzo ya kahawa. Ausi kauliza kama safari hii pia vijana watapata mioyo ya mabaki. Nimemwahidi yote.